Dripu Iendelee au Isimamishwe? Ultrasaundi kando ya kitanda cha mgonjwa mahututi

Katika toleo hili daktari wetu wa magonjwa ya wagonjwa mahututi anajibu barua nne zilizotufikia kuhusu matumizi ya ultrasaundi katika kuamua kama mgonjwa aongezewe maji, aachwe alivyo, au apunguziwe.

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu, mwenye umri wa miaka 61, alilazwa ICU kwa nimonia iliyosababisha maambukizi kuenea mwilini. Siku mbili za mwanzo alitundikiwa dripu mfululizo. Siku ya tatu alikuja daktari kijana na mashine ndogo ya ultrasaundi, akampaka baba jeli kifuani na chini ya mbavu, akatazama kwa muda wa dakika kumi hivi, kisha akaagiza dripu ishushwe na baba achomwe sindano ya kukojoza. Presha yake ilikuwa bado inashikiliwa na dawa, midomo ilikuwa imekauka, na hakuwa amekula chochote. Sisi wanafamilia tuliona kwamba amekatiwa tamaa. Ultrasaundi ya kifua inawezaje kumwambia daktari kwamba mgonjwa hahitaji maji? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa kuuguliwa. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa kuwa hofu unayoieleza naikuta kila wiki mlangoni mwa chumba cha wagonjwa mahututi. Kwetu dripu ndiyo alama ya kwamba mgonjwa anatibiwa: chupa ikining'inia ndugu hutulia, ikishushwa huanza kupigiana simu. Kwa hiyo daktari aliyeishusha bila kukaa nanyi kwanza na kuwaeleza sababu alikosea kwenu, ingawa kwa maelezo uliyotoa uamuzi wake wa tiba una kila dalili ya kuwa ulikuwa sahihi.

Tuanze na presha. Mtu akitokwa na damu nyingi au akiharisha sana, presha hushuka kwa sababu mishipa imepungukiwa na kilichomo ndani yake, na ukirudisha kilichopotea, presha hupanda. Katika maambukizi yaliyoenea mwilini, yaani sepsisi, mambo huenda vingine. Mishipa hulegea na kutanuka, na kuta za ile midogo kabisa, kapilari, huanza kuvuja, hivyo kwamba maji ya chumvi unayomwekea mgonjwa huinua presha kwa muda mfupi tu, kisha sehemu yake kubwa huchuja na kwenda kukaa kwenye mapafu, ini, figo, utumbo na chini ya ngozi. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuwa amevimba mikono na miguu huku presha yake iko chini, na ndiyo maana baba yako alikuwa akipewa dawa ya kukaza mishipa, ambayo mara nyingi huwa ni noradrenalini. Mishipa yake ilihitaji kukazwa. Kuijaza kulikuwa kumekwisha kufanyika siku mbili zilizotangulia.

Sehemu ya ushahidi wa jambo hili ilipatikana mkoani kwenu. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao FEAST, uliofanyika katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, na kwa upande wa Tanzania ilikuwa ni Hospitali Teule ya Muheza. Watoto 3,141 waliofikishwa hospitalini wakiwa na homa kali, na dalili kwamba damu haifiki vizuri mwilini, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wapewe maji mengi kwa haraka, ama ya chumvi ama ya albumini (protini ya damu), na wengine wasipewe maji hayo ya haraka. Baada ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.6 ya waliopewa albumini, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya ambao hawakupewa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya idadi iliyopangwa kutimia. Miaka sita baadaye, mwaka 2017, yalitoka matokeo ya watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini katika hospitali kuu ya chuo kikuu mjini Lusaka, Zambia: waliotibiwa kwa utaratibu wa kuongezewa maji mengi na mapema walifariki asilimia 48.1, na waliopata huduma ya kawaida asilimia 33.0. Nilikuwa miongoni mwa madaktari waliofundishwa kwamba chupa moja zaidi haimdhuru mtu. Takwimu hizo zilinibadilisha, na bado huniuma kila ninapoona dripu inaongezwa kwa mazoea.

Sasa, kwa nini kifuani? Mawimbi ya ultrasaundi hayapenyi hewa. Pafu lenye afya limejaa hewa, kwa hiyo mawimbi hugonga utando unaolizunguka na kurudi, na kiooni huonekana mistari ya kulala, mmoja chini ya mwingine, yenye nafasi sawa kati yake. Hiyo huitwa mistari A. Maji yanapoanza kujikusanya katika kuta za vifuko vya hewa, picha hubadilika: kutoka kwenye utando hushuka mistari mieupe ya wima inayofika hadi chini kabisa ya kioo, na kila mgonjwa anapovuta pumzi inasogea naye, kama miale ya tochi za watu wanaotembea gizani. Hiyo ni mistari B. Mmoja au miwili kati ya mbavu mbili si neno. Kuanzia mitatu katika nafasi moja, na hasa ikionekana pande zote mbili za kifua, daktari anapaswa kusita kabla ya kuongeza hata nusu chupa. Aliyeyapanga maarifa haya na kuyafikisha kitandani mwa mgonjwa ni daktari wa Ufaransa, Daniel Lichtenstein, wakati ambapo vitabu vingi bado vilisema kwamba pafu haliwezi kupimwa kwa ultrasaundi.

Nimonia nayo huleta mistari B, na hapo ndipo ujuzi unapotakiwa. Nimonia hukaa zaidi upande mmoja au sehemu moja, utando wa pafu huonekana umekwaruzika, na pafu lenyewe huweza kuganda hata likafanana na ini kiooni. Maji yaliyozidi hutapakaa pande zote kwa usawa zaidi. Bila shaka ndiyo sababu daktari yule hakuishia kifuani, akashuka chini ya mbavu kuangalia moyo na mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Pafu peke yake lisingemtosha.

Kuhusu midomo kukauka, mtu anayepewa oksijeni, au anayehema kwa mdomo, hukauka midomo hata akiwa na lita tatu za ziada mwilini. Muombeni muuguzi awaruhusu kumlowanisha kwa pamba safi yenye maji. Na kuhusu chakula, naomba mnielewe vizuri: dripu si chakula. Lita nzima ya maji ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 tu za sukari, ambazo hazifikishi hata kalori 200. Mgonjwa asiyeweza kumeza hulishwa uji mwepesi au maziwa maalumu kwa mpira unaopitishwa puani hadi tumboni, na hilo ndilo mnalopaswa kuliulizia kila asubuhi.

SWALI: Daktari, heshima kwako. Mimi ni tabibu katika hospitali ya wilaya. Tulifundishwa katika semina kwamba vena kava ya chini, yaani mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, ikiwa nyembamba na inajifunga mgonjwa anapovuta pumzi, apewe maji. Ikiwa nene na haitikisiki, asipewe. Hivi karibuni nimesikia wenzangu wakisema kipimo hicho hakiaminiki. Tushike lipi? (Tabibu, Kagera)

JIBU: Mwenzangu, mliyofundishwa si uongo, ila ni nusu ya somo, na nusu iliyobaki ndiyo yenye hatari.

Vena kava ya chini hupimwa sentimita 2 hivi kabla haijaingia katika chumba cha juu cha kulia cha moyo. Kwa mgonjwa anayepumua mwenyewe, upana usiozidi sentimita 2.1, na mshipa unaojifunga zaidi ya nusu mgonjwa anapovuta pumzi ya ghafla kwa pua, huashiria kwamba shinikizo ndani ya chumba kile cha moyo liko chini. Ukizidi upana huo na usijifunge hata nusu, shinikizo liko juu. Kipimo hicho kinaeleza habari za shinikizo na hakiendi mbali zaidi ya hapo. Wewe na mimi, tukilala sasa hivi na kupimwa, huenda vena kava zetu zikajifunga vizuri kabisa, na hakuna kati yetu anayehitaji dripu. Kwa upande mwingine, mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia husukumiwa hewa badala ya kuivuta, hivyo mshipa hutanuka pale ambapo wa mtu wa kawaida ungesinyaa, na vipimo nilivyovitaja havimhusu. Mjamzito aliyelala chali huibana vena kava kwa tumbo lake. Tumbo lililojaa maji huibana vilevile. Mpimaji anayekandamiza probu, kile kichwa cha mashine kinachowekwa mwilini, kwa nguvu huibana kwa mkono wake mwenyewe, na hilo nimeliona mara nyingi kwa wanafunzi.

Nikueleze la kwangu. Miaka ya mwanzo ya kazi, katika hospitali ambayo sitaitaja, nililetewa kijana aliyekonda, anayehema kwa shida, miguu imevimba. Niliweka probu chini ya mfupa wa kifua, nikakuta vena kava imejaa kama mpira wa baiskeli na haitikisiki. Nikasema moyoni, huyu amezidiwa na maji, nikaandika furosemaidi, dawa ya kukojoza. Saa moja haikuisha muuguzi akanifuata: presha imeshuka, mikono imekuwa ya baridi. Daktari mwandamizi alikuja, akachukua probu ileile, akaielekeza juu kidogo tu kutoka pale nilipoishia, na kiooni ukatokea ukanda mweusi mpana umeuzunguka moyo wote, moyo ukipapatika katikati kama kifaranga aliyefungiwa. Yalikuwa maji ya kifua kikuu kwenye mfuko wa moyo. Vena kava ilikuwa imejaa kwa sababu damu haikuwa na pa kuingilia, na dawa yangu ilipunguza hata ile kidogo iliyokuwa ikiingia. Alitolewa maji yale kwa sindano jioni hiyohiyo na akapona, lakini tangu siku ile sijawahi kuisoma vena kava kabla ya kuutazama moyo. Katika nchi zetu, zenye kifua kikuu kingi, zenye magonjwa ya vali za moyo yatokanayo na homa ya baridi yabisi, na zenye akina mama ambao moyo wao hudhoofika wakati wa kujifungua, ninakuomba ufanye hivyohivyo.

Swali linalofaa kuuliza ni hili: nikimwongezea mgonjwa huyu maji sasa, moyo wake utasukuma damu zaidi? Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba kati ya wagonjwa mahututi wanaoongezewa maji, karibu nusu tu ndio ambao mioyo yao huitikia. Njia nzuri ya kujua bila kumpa hata tone ni kuinua miguu. Mgonjwa aanze akiwa ameketi kwa kuegemea, mgongo umeinuliwa nyuzi 45. Kisha kitanda chenyewe kigeuzwe, mgongo ushuke na miguu ipande nyuzi 45. Damu kiasi cha mililita 300 iliyokuwa imetuama miguuni na tumboni hurudi moyoni. Ukiwa umeweka probu kwenye ncha ya moyo, unapima kwa dopla, yaani sehemu ya ultrasaundi inayopima mwendo wa damu, jinsi damu inavyotoka katika ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, kabla na ndani ya dakika moja baada ya kugeuza kitanda. Ukiongezeka kwa asilimia 10 hadi 15 au zaidi, moyo unaitikia. Usipobadilika, chupa haitafanya kazi ambayo damu ya mgonjwa mwenyewe imeshindwa kuifanya. Ukirudisha miguu chini, kila kitu hurudi kilipokuwa, jambo ambalo huwezi kulifanya kwa lita moja uliyokwisha kuiingiza. Tumia kitanda na si mikono, kwa maana mgonjwa akivutwa miguu akaumia, moyo wake utakwenda mbio kwa maumivu nawe utadhani umeitikia.

Naongeza jambo moja ambalo limeanza kutumika zaidi miaka ya karibuni. Mwaka 2020 watafiti wa Kanada, wakiongozwa na William Beaubien-Souligny, walitoa utaratibu uitwao VExUS wa kupima msongamano wa damu katika viungo vya tumboni. Vena kava ikiwa imefika sentimita 2 au zaidi, mpimaji huendelea kwa dopla kwenye mishipa ya ini, mshipa unaotoka utumboni kwenda kwenye ini, na ile ya ndani ya figo. Mshipa wa utumboni kwa kawaida hupitisha damu kwa utulivu, kama mfereji. Ukianza kupigapiga kwa kufuata mapigo ya moyo, ina maana mgandamizo umerudi nyuma hadi huko. Walioupata msongamano mkali katika utafiti huo, baada ya upasuaji wa moyo, ndio ambao figo zao ziliathirika zaidi. Fikiria mara ngapi tumeona mkojo unapungua tukaongeza dripu, huku figo zenyewe zikiwa zimebanwa na maji tuliyokwisha kuyatia. Utaratibu huu unahitaji mashine yenye dopla nzuri na mkono uliozoea, kwa hiyo sitegemei kila hospitali ya wilaya iuanze kesho, lakini wazo lake unaweza kulitumia leo: mkojo kupungua hakumaanishi kiu.

SWALI: Habari za kazi, daktari. Mimi ni muuguzi wa zamu katika chumba cha wagonjwa mahututi. Je, muuguzi anaweza kujifunza kupima mapafu kwa ultrasaundi, au ni kazi ya madaktari peke yao? Na je, mashine hii ina mionzi inayoweza kutudhuru sisi tunaosimama hapo kila siku? (Muuguzi, Mombasa)

JIBU: Njema, dada yangu. Ultrasaundi hutumia sauti ya masafa ya juu ambayo sikio halisikii. Haina mionzi kama ya eksirei, na ndiyo hiyohiyo inayotumika kwa wajawazito. Mwenye kudhurika ni mgonjwa wa kitanda cha pili, iwapo probu itatoka kwa wa kwanza bila kufutwa jeli na kutakaswa kwa dawa. Hilo nalikazia kwa sababu limesahaulika sana.

Kujifunza unaweza, na ningependa ujifunze. Kutambua mistari B ni kati ya mambo mepesi kabisa katika fani hii. Kupima mwendo wa damu kwa dopla ni kugumu zaidi na huchukua mazoezi mengi chini ya macho ya mwalimu. Faida yako ni kwamba wewe ndiye uliye na mgonjwa usiku kucha. Picha moja ya saa tatu asubuhi ina thamani ndogo. Picha za sehemu zilezile, asubuhi, jioni na alfajiri, zikiandikwa kwenye karatasi moja na hesabu ya maji yaliyoingia na mkojo uliotoka, humwonyesha daktari kwamba mistari imeongezeka kutoka mmoja hadi minne tangu dripu ya mwisho. Kwa wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu, mistari hiyo hupungua wakati usafishaji ukiendelea, maji yanapotolewa. Anza na hao kwa kujizoeza macho, kwa idhini yao na ya msimamizi wako.

SWALI: Daktari, kituo chetu cha afya hakina ultrasaundi, na hata hospitali tunayopeleka wagonjwa, mashine iko kwenye chumba kilichofungwa usiku. Baada ya kusoma maandiko yako ya nyuma kuhusu hatari ya maji, wenzangu wameanza kuogopa kutundika dripu. Tufanyeje? (Mhudumu wa afya, Kigoma)

JIBU: Nashukuru umeniandikia kabla hofu hiyo haijamdhuru mtu. Mgonjwa wa kipindupindu, au wa kuhara kokote, aliyeishiwa maji kabisa, macho yamezama, ngozi ukiifinya inabaki imesimama, mpigo wa mkononi haushikiki, asisubiri ultrasaundi wala ushauri wa simu. Utaratibu wa Shirika la Afya Duniani ni mililita 100 kwa kila kilo ya uzito: kwa mtu mzima na mtoto aliyetimiza mwaka, mililita 30 kwa kilo ndani ya nusu saa ya kwanza, na 70 zilizobaki ndani ya saa mbili na nusu, kwa mtoto wa chini ya mwaka, 30 za mwanzo ndani ya saa moja na 70 ndani ya saa tano. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji basi lita 6 kwa saa tatu, na ringa (aina ya maji ya dripu yenye chumvichumvi) ndiyo inayofaa zaidi. Watoto wenye kuhara hawakuwemo katika utafiti wa FEAST, na matokeo yake hayawahusu. Anayetokwa na damu naye ana njia yake: anahitaji damu, na kuzuiwa kule inakotokea.

Kwa wengine, wenye homa kali na presha ya chini, mpe kidogo kidogo na umrudie. Kidole chako ni chombo. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti wa ANDROMEDA-SHOCK, uliofanyika katika nchi tano za Amerika ya Kusini kwa wagonjwa 424 wenye sepsisi kali, ambapo kundi moja liliongozwa na kipimo cha laktati (asidi inayojikusanya damu isipofika vizuri mwilini) katika damu na kundi jingine na muda wa damu kurudi kwenye kidole kilichobonyezwa. Walioongozwa na kidole walifariki asilimia 34.9 ndani ya siku 28, na walioongozwa na maabara asilimia 43.4, tofauti hiyo haikufikia kiwango cha kuthibitishwa kitakwimu, lakini inatosha kusema kwamba kidole hakikuachwa nyuma na maabara. Bonyeza ncha ya kidole cha shahada cha mgonjwa kwa sekunde 10 hadi iwe nyeupe, achia, hesabu. Damu ikirudi ndani ya sekunde 3, simama, usiongeze. Ikichelewa, mpe mililita 250 au 500 kwa mtu mzima, kisha rudia baada ya nusu saa, na kila mara hesabu anavyohema na sikiliza chini ya mapafu yote mawili. Akianza kuhema haraka kuliko alivyokuwa, au ukasikia mchakacho ambao haukuwepo, funga dripu, mwinue mgongo, mpe oksijeni, na umwandikie rufaa ukitaja kiasi kamili cha maji aliyokwisha kupata na saa uliyofunga. Daktari atakayempokea akiwa na ultrasaundi ataanzia kwenye karatasi hiyo yako.